Krapf: Mhubiri Aliyeketi Kwanza Kama Mwanafunzi

Katika mawazo ya wengi wetu, kuhubiri ni kusema. Mhubiri ni mtu mwenye kinywa chepesi, sauti isiyokauka na, siku hizi, kipaza sauti. Yeye hunena, sisi husikiliza. Ndiyo maana Mkristo anapokumbushwa kwamba ana wajibu wa kuwapelekea wengine imani yake, kama wanafunzi wa Yesu walivyoagizwa mwishoni mwa Injili ya Mathayo, jambo la kwanza analojiuliza ni atasema nini. Ni nadra kumpata anayejiuliza atasikiliza nini, atajifunza kwa nani na kwa muda gani, kabla hajafungua kinywa chake. Leo ningependa kumsimulia msomaji maisha ya mtu ambaye hakuweza kuyakwepa maswali hayo, na ambaye aliyajibu vyema kwa upande mmoja na vibaya kwa upande mwingine. Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf.

Jina hili si geni kwa mwalimu wala kwa mwanafunzi wa historia. Katika vitabu vya shule Krapf hutajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, kana kwamba mlima huo ulikuwa gizani hadi alipotokea yeye. Mwanafunzi huikariri tarehe, huiandika katika mtihani, kisha huisahau. Mimi ni mwalimu wa isimu, na Krapf ninayekutana naye katika kazi yangu ni mwingine kabisa: ni Krapf wa sarufi na kamusi, aliyeketi mchana kutwa akiuliza jina la kitu hiki na maana ya kitenzi kile. Naamini kwamba huyu wa kamusi ndiye anayeweza kutufundisha zaidi juu ya wito wa kueneza imani kuliko yule wa mlima.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa miezi sita. Katika kitanda hicho cha ugonjwa ndipo alipozama katika kusoma Biblia. Baadaye, akiwa shuleni, alivutiwa na ramani ya Afrika, hasa sehemu zile ambazo wachoraji wa zama hizo waliziacha wazi kwa kutojua kilichokuwapo. Mambo hayo mawili, Biblia na ramani, yalikwenda naye maisha yake yote, na kama tutakavyoona, hayakupatana kila mara.

Mwaka 1827 alijiunga na chuo cha wamishenari cha Basel, Uswisi. Akakiacha, akaenda kusomea theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, akatumika kanisani kwa muda, kisha wito wa zamani ukamrudia. Wakati huo shirika la wamishenari la Kanisa la Uingereza, CMS, lilikuwa na upungufu wa Waingereza waliokuwa tayari kwenda ng'ambo, hivyo likawaajiri Wajerumani wengi. Krapf akawa mmoja wao, na mwaka 1837 akatumwa Ethiopia.

Alifika Shoa mwaka 1839, katika utawala wa mfalme Sahle Selassie. Huko alijifunza Kiamhari, lakini moyo wake ulivutwa na Waoromo, watu ambao Wazungu wa enzi hizo waliwaita Wagalla, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Mwaka 1840 sarufi yake fupi ya Kioromo ilichapishwa London, naye hakuona haya kueleza katika jina la kitabu chenyewe kwamba ulikuwa ni muhtasari usiokamilika. Msomaji na azingatie jambo hili. Ni mtu wa miaka 30, mwenye bidii ya dini inayowaka, lakini mbele ya lugha ya watu anajua kwamba yeye ni mwanagenzi, na anakiri hivyo hadharani.

Mwaka 1842 aliondoka Shoa kuelekea pwani, akaporwa njiani, na alipotaka kurudi alikuta mlango umefungwa. Huko Misri alikuwa amemwoa Rosine Dietrich, na walipokuwa wakihangaika kutafuta njia ya kurejea Ethiopia, mkewe alijifungua jangwani kabla ya wakati. Mtoto huyo wa kike alifariki. Walikuwa wamempa jina la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Njia ya kaskazini ilipozibika, Krapf akageukia kusini. Mwezi wa Januari 1844 aliwasili Unguja, akapokewa vyema na Sayyid Said bin Sultan, ambaye alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Hapa pana jambo la kutafakari. Mtawala Mwislamu alimpa mhubiri wa Kikristo hati ya kupita katika milki yake, akiwaagiza watu wake wamtendee wema. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Krapf na mkewe wakahamia Mombasa.

Tarehe 8 Juni 1844, hata kabla hajazoea jua la Mvita, alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hakuifanya kazi hiyo peke yake, wala asingeweza. Aliketi na Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi wa Mombasa, mtu wa asili ya Barawa. Naomba walimu wenzangu wasiipite picha hii kwa haraka. Aliyekuja kufundisha dini yake anaketi mbele ya hakimu wa dini nyingine, na katika kikao hicho kadhi ndiye mwalimu, mhubiri ndiye mwanafunzi. Matunda ya kazi hiyo, yaani sura tatu za kwanza za Mwanzo, yalichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki.

Lakini mwezi mmoja tu baada ya kazi kuanza, homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto mwingine wa kike, na tarehe 13 Julai akafariki. Mtoto akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kusimama barabara. Mama na mtoto walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo kaburi lao linatunzwa hadi leo. Aliwaandikia wakubwa wake London akilichukua kaburi hilo kuwa ishara kwamba kazi ya kuileta Injili upande huu wa Afrika imeanza. Mtu anaweza kuyasoma maneno hayo akaona ushujaa, na mwingine akaona ukaidi. Mimi naona mtu aliyefiwa, anayetafuta maana ya msiba wake katika kitu pekee alichobakiwa nacho. Ajabu ni kwamba hakurudi kwao. Aliposhika nguvu tena, alirejea kwenye maneno yake.

Ni maneno gani hayo? Hapa mwalimu wa isimu hana budi kusema. Hebu Mkristo wa Kenya ayatazame maneno anayosali kwayo kila Jumapili. Imani, sala, ibada, dhambi, toba, rehema, neema, baraka, shukrani, roho, malaika, nabii, Injili, Masihi: yote haya asili yake ni Kiarabu, na mengi yalikuwa yamekwisha kukomaa katika Kiswahili cha Waislamu wa pwani karne nyingi kabla meli ya Krapf haijatia nanga. Wamishenari hawakuyaunda. Waliyakuta, wakayaazima, na wenyeji hawakuwanyima. Imani ya Kikristo ilipoanza kusema Kiswahili, ilisema kwa ulimi uliokuwa umenyooshwa na madrasa, na hapana haya yoyote katika jambo hilo. Anayedhani kwamba anaweza kuwapelekea watu imani bila kupokea chochote kutoka kwao, na aanze kwa kuyaondoa maneno hayo katika sala zake. Atajikuta amekuwa bubu.

Vivyo hivyo si kweli, ijapokuwa husemwa mara nyingi, kwamba Krapf ndiye aliyewapa Waswahili maandishi. Waswahili walikuwa wakiiandika lugha yao kwa hati za Kiarabu zamani, na walikuwa na tenzi ndefu zenye ufundi mkubwa. Krapf alilijua hilo vizuri. Mwaka 1854 miswada ya tenzi alizozipata huku pwani, pamoja na Chuo cha Herkali, ilifikishwa katika maktaba ya chama cha wataalamu wa Mashariki huko Halle, Ujerumani. Kwa njia hiyo mhubiri wa Kikristo akawa miongoni mwa walioihifadhi fasihi ya Kiislamu ya Waswahili. Ila katika vitabu vyake mwenyewe alichagua hati za Kirumi, na sababu zake hazikuwa za kiisimu tu: alihofia kwamba hati za Kiarabu zingewavuta wasomaji wake upande wa Uislamu. Tunaona basi kwamba hata katika kusikiliza kwake, sikio lake moja lilikuwa macho likilinda mpaka.

Mwezi wa Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani vile vile. Wawili hao waliwaomba wazee wa Rabai ruhusa ya kukaa kwao, katika vilima vilivyo kiasi cha kilomita 20 hivi kutoka Mombasa, miongoni mwa watu ambao watu wa pwani waliwaita Wanyika na ambao leo hujiita Wamijikenda. Wazee walikubali. Siku ya kuhamia, mwezi wa Agosti, wamishenari wote wawili walikuwa na homa, wakapanda kilima kwa kupokezana punda mmoja. Walijenga nyumba yao kwa kushiriki wenyewe kazi ya mikono, kisha wakajenga kibanda cha ibada.

Katika ibada yao ya kwanza walihudhuria watu 15 hivi. Krapf alipomaliza kueleza madhumuni ya mkutano, mmoja wa wazee alimwuliza watakula nini. Kama kungekuwa na mchele na ng'ombe wangekuja kila Jumapili. Kama hakuna, wangekaa kwao, kwa kuwa hapana Mnyika aliyekwenda kwenye maneno pasipo kula na kunywa. Krapf alisikitika. Aliliona swali hilo kuwa ushahidi wa watu waliofungwa na tumbo, na tangu hapo wahubiri wengi wamelisimulia tukio hili kama kichekesho.

Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Kwa watu wa Rabai, maneno hayakuwa sauti zitokazo kinywani mwa mtu mmoja. Maneno yalikuwa kikao, yaani shauri la watu wazima wanaoketi pamoja, wanaosema kwa zamu, na wanaokula chakula kimoja ili kuthibitisha kwamba yaliyosemwa yamewafunga wote. Mzee yule hakuwa akiomba hongo. Alikuwa akimweleza mgeni, kwa adabu kabisa, kanuni ya jambo ambalo mgeni alidai kulifanya. Mgeni alikuwa amelijua neno, na pengine alikuwa amekwisha kuliandika katika daftari lake pamoja na maana yake, lakini hakuitambua desturi iliyolibeba. Ni ajabu zaidi kwamba dini aliyoileta ina meza katikati yake, na Bwana wake alilaumiwa kwa kula na kila mtu. Kama Krapf angelisikia swali lile hadi mwisho, huenda angegundua kwamba mwenyeji wake alikuwa karibu na Injili kuliko alivyodhani.

Hata hivyo, hakuacha kujifunza. Mwaka 1848 Injili ya Luka katika lugha ya Rabai ilichapishwa Bombay, na mwaka 1850 Injili ya Marko katika Kikamba ilichapishwa Tübingen. Mwaka huo huo wa 1850 alitoa sarufi ya Kiswahili, ya kwanza kuchapishwa, pamoja na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki uliopangwa safu kwa safu. Katika safu hizo msomaji makini angeweza kuona kwa macho yake kwamba Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo na Kiyao ni ndugu, na kwamba Kioromo ni mgeni kati yao. Haya yalikuwa kabla Wilhelm Bleek hajalieneza jina la Bantu miongoni mwa wataalamu.

Hapo ndipo ramani ilipoanza kushindana na Biblia. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba, aliviona vilele vya Mlima Kenya, na namna alivyolisikia na kuliandika jina la mlima huo kutoka kwa Wakamba ndiyo iliyozaa jina la nchi yetu. Wataalamu waliokaa London, ambao hawakuwahi kuikanyaga Afrika, walikataa kuamini kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Waama, walikuwa na kosa lile lile tunalolizungumzia hapa: walisema kabla ya kusikiliza.

Krapf naye alikuwa na ndoto. Alitaka mlolongo wa vituo vya misheni utakaokatiza bara zima kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi. Ilikuwa ndoto kubwa, lakini ilimfanya autazame kila mji kama ngazi ya kupandia kwenda kwingine. Alisafiri kusini hadi Rasi Delgado, alikwenda Usambara kwa mfalme Kimweri mara mbili, akarejea Ukambani mwaka 1851. Safari hiyo ya mwisho ilikuwa ya balaa. Karibu na Mto Tana msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, Krapf akapotea porini peke yake kwa njaa na kiu, akibeba maji katika mitutu ya bunduki yake. Alipojitokeza, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kushindwa kumlinda mwenyeji wake, na ilimbidi atoroke usiku ili kuokoa maisha yake.

Rebmann hakukubaliana na mwendo huo. Yeye aliona bora kukaa, kulima, kujua watu wachache na kujulikana nao. Basi Krapf alipoondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, akapofuka macho bila kuwahi kurudi kwao kwa miaka 29. Wawili hawa walikuwa marafiki na walibaki marafiki, lakini tofauti yao ni ya kudumu katika kazi ya kueneza imani: je, tuhesabu maili au tuhesabu miaka?

Wakati Krapf alipoiacha pwani, waliokuwa wameipokea imani yake waliweza kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa akiwa mahututi. Kwa mizani ya wale wanaopima mahubiri kwa idadi ya mikono iliyoinuliwa, miaka tisa ya Krapf ilikuwa hasara tupu. Alimzika mke, alimzika mtoto, alipoteza afya yake, na kanisa aliloliacha lingeweza kuketi kwenye kirago kimoja.

Hakukaa kimya Ulaya. Mwaka 1858 alichapisha kitabu cha safari zake kwa Kijerumani, kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1860. Mwaka 1862 alirudi pwani kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kazi yao huko Ribe. Mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Waingereza lililokwenda kupigana na Maliki Tewodros wa Ethiopia, akiwa mkalimani, kazi ambayo afya yake haikumruhusu kuimaliza. Sitaki kuificha sehemu hii. Lugha aliyojifunza ili kuwapelekea watu Injili ilitumika pia kuwapelekea watu majeshi. Ndivyo elimu ya lugha ilivyo: mlango ukishafunguliwa, anayepita si yule tu uliyemfungulia.

Miaka yake ya mwisho aliishi Korntal, karibu na Stuttgart. Huko ndiko Rebmann kipofu alikoletwa, na huko ndiko alikofia mwaka 1876. Krapf aliendelea na kamusi ya Kiswahili aliyoianza Mombasa zaidi ya miaka 30 nyuma. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda chake kama mtu asaliye. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882. Hakuwahi kuishika mkononi.

Kitabu hicho kina kasoro. Tahajia yake haikuwa thabiti, na maelezo yake yamechanganyika na hukumu kali juu ya watu wa pwani, juu ya Uislamu na juu ya dini za wenyeji, hukumu ambazo leo hazifai kurudiwa darasani bila kuhakikiwa. Lakini ndani yake mna hazina. Mna majina ya sehemu za chombo, ya pepo, ya vyakula, ya magonjwa, ya michezo. Mna Kimvita kama kilivyosemwa na watu walioishi kabla ya ukoloni. Mwaka 1925 ilitolewa upya baada ya kupangwa na kusahihishwa na Kasisi Binns. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, Kimvita kilisukumwa kando. Na tangu hapo anayetaka kukijua Kimvita cha kale hana budi kubisha hodi kwa Krapf. Waliobatizwa hawakufika kumi. Waliofunzwa na kamusi ile hawana idadi.

Labda msomaji atauliza: haya yote yanamhusu nini kijana wa leo? Yanamhusu sana. Kila likizo vyama vya wanafunzi Wakristo katika shule na vyuo vyetu huwatuma wanachama wao vijijini kwenda kuhubiri. Ni kazi njema, na hufanywa kwa moyo safi na kwa gharama ya vijana wenyewe. Lakini mara nyingi hukaa juma moja, huhubiri kwa Kiingereza huku mkalimani akihangaika kandoni, huhesabu waliookoka, kisha hurudi na takwimu. Ni wangapi wanaorudi na maneno kumi ya lugha ya mahali walipokwenda? Ni wangapi wanaorudi na jina la mzee aliyewafundisha jambo ambalo hawakulijua?

Jambo hili si la adabu tu. Mwezi wa Aprili 2023 nchi yetu ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, kaunti ile ile yenye Rabai. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini, ya watu waliodaiwa kushawishiwa kufunga hadi kufa ili wamwone Mungu wao. Mahakama zina kazi yake. Sisi walimu tuna yetu, nayo ni kuwafundisha vijana kutambua mahubiri ya namna ile yanapoanza. Huanza pale ambapo mmoja husema na hakuna anayeruhusiwa kujibu. Pale ambapo swali huitwa uasi. Mzee wa Rabai alimwuliza Krapf swali gumu katika ibada ya kwanza kabisa, na hakuna aliyemfukuza. Swali lile, ijapokuwa halikueleweka, lilikuwa dalili ya afya.

Kwa hiyo, mwalimu unapolifundisha somo la Krapf, usiishie mlimani. Waonyeshe wanafunzi kadhi na mhubiri wakiwa wameinamia karatasi moja Mombasa mwaka 1844, kila mmoja akiwa imara katika dini yake, na Kiswahili kikiwa kati yao kama mkeka ulioenea kwa wote wawili. Waonyeshe pia kibanda cha Rabai na swali lililopita bila kujibiwa. Kisha waambie kwamba aliye na imani ana haki, na kwa Mkristo ana wajibu, wa kuisema kwa wengine. Lakini haki hiyo ina karo, nayo hulipwa kabla. Karo yenyewe ni kuketi, kuuliza na kusahihishwa na wale unaotaka kuwafundisha. Krapf aliilipa nusu, na kwa nusu hiyo tunamshukuru hadi leo. Nusu iliyobaki bado inadaiwa, na wadaiwa ni sisi tunaohubiri sasa.